Sahihi ya Kumi na Saba

YAH: PINGAMIZI LA HOSTELI, NYUMBA NAMBA 14, CHUMBAGENI.
Nimeipiga mwenyewe, kwa vidole vilivyopiga chapa
barua za katani miaka thelathini na mmoja,
na kichwa cha habari nimekipigia mstari mara mbili
mwenyekiti wa mtaa asije akajifanya hakukiona.

Nyumba ya marehemu Bi. Mwanakombo,
vyumba vitatu na sebule,
imekatwakatwa kwa mbao laini, vimetoka vyumba kumi na kimoja.
Jumanne lori lilishusha vitanda vya chuma, vya juu na chini.
Nilivihesabu nyuma ya pazia: ishirini na viwili.
Zidisha mara mbili.
Karo ni lile lile alilochimbiwa marehemu
mwaka alioolewa.

Nikapita na faili, baraza hadi baraza.
Mzee Semkiwa alitia sahihi bila kusoma:
"Mimi muziki tu, dada. Muziki tu."
Mama Kallaghe akauliza, wa kiume au wa kike?
Mchanganyiko.
Akaomba atie mbili.
Hemedi wa duka hakuigusa kalamu.
"Watu arobaini na wanne, bibi! Asubuhi mkate, usiku mayai.
Leo unaniombea njaa kwa maandishi?"

Mwalimu Shebughe alivaa miwani, akasoma kama anasahihisha,
akagota mstari wa pili:
*Huu ni mtaa wa familia.*
"Familia zipi?
Zuhura wako yuko Maskati. Wangu wawili wako Mwanza,
wa tatu sijui. Kwa Semkiwa wamebaki kuku.
Andika: huu ni mtaa wa wazee wanaolala mapema."
Nikamwambia barua ya serikali si insha.
Akacheka, akatia sahihi.
Usingizi anaupenda.

Huo utulivu ninaoutetea naujua sauti yake:
friji ya jirani ikishtuka usiku,
kengele ya baiskeli ya muuza mikate,
adhana, kisha ufagio wangu.
Zamani ukuta huu ulipigwa mpira
hadi chokaa ikamwagika kama unga,
nami nikitoka na mwiko mkononi, nafoka:
Nendeni huko! Nendeni!
Wakaenda.

Alhamisi usiku simu ililia. Nasra, mjukuu wangu,
mwaka wa kwanza, Dodoma.
"Bibi, chumba nimepata. Tuko sita.
Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita."
Na majirani?
"Wapo. Hatuwajui. Tukiwaamkia hawaitikii."
Nikanyamaza kidogo, kisha nikauliza:
Karo je? Ni kubwa?
"Bibi jamani! Karo?"
Akacheka mpaka salio likamwishia.
Nikamtumia laki na nusu,
pamoja na ya kutolea.

Sikulala vizuri, na wala hapakuwa na kelele.

Ijumaa nikajitanda kanga, faili kwapani.
Mlangoni pa namba 14 kijana mwembamba
alikuwa akihangaika na godoro, kalibeba kichwani,
limemfunika uso, linaburuza kwa nyuma.
Akasikia ndara zangu tu, hakuniona.
"Shikamoo."
Marahaba ikanitoka kabla sijaifikiria.
Na nikiwa nimeshafungua mdomo
nikamwambia: godoro lako linazoa vumbi, mwanangu, linyanyue.
"Ahsante, mama. Ndoo zinauzwa wapi?"
Nikamwonyesha kwa Hemedi.

Ofisi ya mtaa ilikuwa wazi, mwenyekiti hayupo, mhuri upo.
Karani akazihesabu sahihi kwa ncha ya kalamu:
kumi na sita, na mbili kati ya hizo ni za mtu mmoja.
"Na ya mwandishi?"
Nikaitia. Imepinda kidogo,
si kama zile nilizokuwa nikitia chini ya jina la bosi.
Karani akagonga mhuri, akaniuliza kama nina la kuongeza.

Nikasema ninalo. Andika hapo pembeni, kwa mkono:
karo ni moja.
Andika pia kwamba watoto wanaamkia.
Akaniangalia.
Akaandika la karo.